Namba ya Papa Zorobabel

Kila Jumamosi asubuhi, kabla ya kugusa kazi nyingine, Kavuo alichambua viazi vya mama yake. Vikubwa aliviweka karibu na mlango, tayari kwa soko. Vidogo vilibaki kwa chakula cha nyumbani, na vilivyooza alivitupa kwenye shimo la mbolea. Ukungu ulikuwa bado umelala juu ya Bulengera, mtaa wa mji wa Butembo, na pikipiki za kwanza zilipita barabarani zikiwa zimewasha taa ingawa kulikuwa kumekucha.

Asubuhi hiyo bibi mmoja jirani alisimama mlangoni, akauliza jambo kwa sauti ndogo kama ya mtu anayesema na nafsi yake.

"Unasema nini, nyanya?" Kavuo aliuliza. Bibi alirudia. Kavuo hakupata kitu. "Unasema nini?"

Mama Kaswera alitoka jikoni mbiombio, akamjibu bibi, akampimia viazi na kumsindikiza kwa heshima hadi barabarani. Aliporudi, uso wake ulikuwa umekunjamana.

"Kavuo, mukubwa hapana kusemeshwa mara mbili, mara tatu, kama mutoto wa shule. Ukikosa kusikia, itika tu, kisha uje uniulize mimi."

"Ndiyo, mama," Kavuo akaitika.

Alikuwa na umri wa miaka kumi na mitatu, na mambo kama hayo hakuhitaji kuambiwa mara nyingi. Isitoshe, mawazo yake yalikuwa kwingine. Leo ilikuwa siku ya shindano.

Katika chumba cha mwisho cha shule yao kulikuwa na redio ya kusema na kusikia. Watu wa Butembo waliijua mashine ya namna hiyo kwa jina la phonie, kwa kuwa parokia na vituo vya afya vingi viliwahi kuwa nayo kabla simu hazijaenea. Lakini hii ilikuwa ya kujifunzia. Mwalimu Kataliko, mwalimu wa fizikia, alikuwa na ruhusa ya serikali ya kuitumia, naye alianzisha klabu ya wanafunzi. Waya wa antena ulitoka dirishani, ukapanda hadi kwenye mkaratusi mrefu nyuma ya shule, na kwa waya huo mtoto wa Bulengera aliweza kusalimiana na mtu wa Kampala au Bujumbura bila kulipa kitu.

Tatizo lilikuwa betri. Ilikuwa imezeeka kiasi kwamba ukiichaji kutwa nzima, inafanya kazi saa mbili, kisha inakufa. "Siku itakapokataa kabisa, tutafunga chumba," Mwalimu Kataliko alikuwa amewaambia bila kuwaficha. Kwa bahati, wanafunzi waliomaliza zamani walikuwa wametoa zawadi: betri mpya na paneli ya jua, kwa klabu ya Butembo au ya mji jirani wa Beni, yoyote itakayopata pointi nyingi katika shindano la leo.

Sheria zilikuwa rahisi. Kuanzia saa nane hadi saa kumi mchana, unaita vituo vingine. Mkisikilizana, kila mmoja anampa mwenzake namba: mtu wa kwanza unayesema naye unampa moja, wa pili mbili, na kuendelea. Ukiisikia namba ya mwenzako na kuiandika, umepata pointi moja. Vituo vyenye nguvu ndogo sana vilihesabiwa pointi tatu, maana kuvisikia ni kazi.

Kavuo alishika mikrofoni. Rafiki yake Kitsa, ambaye mwandiko wake ulisifiwa shule nzima, alishika kalamu.

"Uko unatetemeka," Kitsa alimcheka.

"Ni baridi."

"Baridi ya saa nane mchana? Sema ni woga, nitaandika ku karatasi: opérateur wetu wa mikrofoni alikuwa na woga."

Lakini mara baada ya kuanza, woga ulimtoka. Vituo vilikuja kimoja baada ya kingine: Kampala, Kigali, Bujumbura, Arusha. Kila mara Kavuo alirudia namba aliyosikia, akasema "Bien reçu", yaani nimepokea vizuri, na Kitsa akaandika. Ilipobaki dakika kumi walikuwa na pointi thelathini.

Ndipo mvua ikaanza. Ilishuka juu ya mabati kama mchanga unaomwagwa kutoka kwenye lori. Ndani ya kelele hiyo, kwa mbali, ikaja sauti ya mzee.

"Bulengera, Bulengera, hapa Alimbongo. Ni Zorobabel. Nakusikia, mutoto wangu."

Kitsa aliruka. "Alimbongo, redio ndogo ya mulimani! Hiyo ni pointi tatu!"

"Nakusikia, papa," Kavuo akasema, akimwita baba kwa heshima. "Namba yangu kwako ni thelathini na moja."

"Thelathini na moja, bien reçu. Na yangu kwako ni..." Mvua ikaimeza.

"Rudilia, papa."

Mzee akarudia. Mvua ikaimeza tena.

"Rudilia, papa, tafadhali."

Safari hii mzee alikohoa kwanza, kikohozi kirefu, kisha akasema polepole. Kavuo alibana masikio yake kwenye spika. Alisikia pumzi ya mzee na kelele za mabati, basi. Aibu ikampanda usoni. Mzee mzima, anasemeshwa mara nne? Alisikia maneno ya mama yake kama vile yuko nyuma ya kiti. Itika tu.

"Bien reçu, papa," akasema. "Wasingya." Na hilo neno la shukrani la Kinande lilimtoka kwa haraka, kama mtu anayefunga mlango.

"Namba gani?" Kitsa akauliza, kalamu juu ya karatasi.

Zilibaki dakika nne. Karibu kila mtu waliyesema naye muda huo alikuwa amefika kumi na kitu au ishirini na kitu.

"Kumi na saba," Kavuo akajibu.

Saa kumi ilipogonga, jumla yao ilikuwa pointi thelathini na tatu. Muda si mrefu simu ya Mwalimu Kataliko ililia. Ulikuwa ujumbe wa sauti wa Agar, msichana aliyeshika mikrofoni upande wa Beni.

"Bulengera, mambo yenu? Sisi tuko na thelathini na moja! Kama muko chini yetu, mulie polepole, tutawatumia bitambaa ya kupanguza machozi!"

Chumba kizima kilicheka, kisha kikalipuka kwa furaha. Kitsa alicheza dansi juu ya benchi. Mwalimu Kataliko, mtu asiyecheka ovyo, alivua miwani na kuifuta mara mbili.

"Kavuo, nakili karatasi hii kwa usafi," akasema. "Pale chini utatia sahihi yako. Niletee kesho baada ya misa."

Kavuo aliisoma ile sehemu ya chini. Paliandikwa: Yote yaliyo hapa nimeyasikia mimi mwenyewe.

"Mwalimu," akauliza, "na Papa Zorobabel anatuma karatasi yake?"

"Yeye hashindani. Anapanda mlima na redio yake ndogo ili ninyi wanafunzi mupate pointi. Hatumi kitu."

Kwa hiyo hakuna atakayejua. Kavuo alitegemea wazo hilo limpe raha, lakini halikumpa.

Jumapili asubuhi alikaa mezani na karatasi mbili, ya zamani na mpya. Alipokuwa akinakili, kila mstari ulimrudishia sauti yake. Huyu wa Kampala ni mama aliyecheka kila alipomaliza sentensi. Huyu wa Bujumbura, jogoo alikuwa akiwika nyuma yake. Huyu wa Kigali alikuwa na mafua. Alifika kwenye mstari wa Alimbongo, akasubiri sauti. Ilikuja mvua tu. Kalamu ikasimama, na wino ukaanza kufanya doa.

Alichukua karatasi zote mbili. Alikwenda moja kwa moja kwa Mwalimu Kataliko, akamkuta nje ya kanisa pamoja na Kitsa. Aliwaambia yote, kuanzia kikohozi cha mzee hadi kumi na saba.

"Mais, lakini Kavuo!" Kitsa alishika kichwa. "Nani alikuuliza? Mzee hatumi karatasi! Tulikuwa na betri mukononi!"

"Namba ile sikuisikia, Kitsa. Niliitunga. Nawe nilikudanganya, ukaiandika kwa mwandiko wako mzuri."

Kitsa aligeuza uso kutazama barabara, akapiga teke jiwe dogo.

Mwalimu Kataliko hakugomba. Alitoa kalamu mfukoni, akampa Kavuo. "Futa mwenyewe," akasema.

Kavuo alichora mstari mmoja juu ya Alimbongo. Thelathini na tatu ikawa thelathini. Beni walikuwa na thelathini na moja. Kisha akatia sahihi yake chini, machozi yakimlengalenga.

Nyumbani alimweleza mama yake pia. Mama Kaswera aliendelea kumenya viazi.

"Nilikuambia uitike, kisha uniulize mimi," akasema hatimaye. "Mais kule ku phonie mimi sikuwako. Ungemuuliza nani? Ni muzee mwenyewe tu."

Siku tatu baadaye, Agar alipata habari kutoka kwa mwalimu wake. Sauti aliyotuma safari hii haikuwa na utani.

"Kavuo, ni Agar. Balituambia bile ulifanya. Mimi sijui kama ningefanya. Donc, basi sikia: batri mpya tunaichukua, tulishinda. Lakini ile yetu ya zamani ingali na nguvu, inafanya saa tano. Baba yangu anapakia kakao Ijumaa kuja Butembo. Tunaitia juu ya magunia."

Ijumaa lori lilifika, na betri ilikuwa juu ya magunia kweli, imefungwa kwa kitenge, inanuka kakao. Kitsa aliibeba mwenyewe hadi chumba cha mwisho. Alipoitua, alimtazama Kavuo. "Bado nina kasirani kidogo," akasema. "Kesho itaisha."

Jumamosi hakukuwa na mvua. Kavuo aliita Alimbongo mara saba kabla sauti ya mzee haijatokea, nyembamba lakini safi.

"Papa Zorobabel, hapa ni Kavuo wa Bulengera. Siku ya shindano nilisema bien reçu, lakini namba yako sikuipata. Niliona haya kukurudilisha tena. Nisamehe, papa."

Kilikuja kikohozi kwanza.

"Mutoto wangu, mimi nilifanya kazi ya phonie ku kituo cha afya miaka mingi. Siku moja daktari wa mjini alitoa tarehe ya chanjo. Sikuisikia muzuri. Alikuwa mukubwa, nikaona haya, nikasema bien reçu. Bamama balitoka mbali, batoto mugongoni, balitembea tangu alfajiri. Bakakuta mulango umefungwa. Chanjo ilikuwa juma lingine. Ni mimi nilibaambia barudi."

Kavuo na Kitsa walitazamana. Mwalimu Kataliko, aliyekuwa karibu na dirisha, alisogea.

"Tangu siku ile," mzee akaendelea, "najua jambo moja. Kumuheshimu mutu si kumuitikia tu. Ni kutaka neno lake likufikie zima. Ukimuuliza mara kumi, umemupa heshima mara kumi. Ukimudanganya kwamba umesikia, umemuacha anasema peke yake. Unasikia?"

"Nasikia, papa. Sasa hivi nasikia kweli." Kavuo akavuta pumzi. "Basi nakuomba, rudilia. Namba uliyonipa siku ile ilikuwa ngapi?"

"Sita."

Kavuo alifikiri hakusikia. "Rudilia, papa?"

"Sita, mutoto wangu. Sita. Nilipanda huku juu saa sita mchana, nikaita mpaka saa kumi. Redio yangu ni ndogo, watu habanisikii. Batano tu ndio balinijibu. Wewe ulikuwa mutu wa sita. Nilifurahi sana siku ile."

Kavuo alichukua daftari la klabu, akatafuta ukurasa mpya, akaandika jina la Alimbongo. Mbele yake akaandika namba, polepole, kwa mwandiko wake mwenyewe.

"Sita, papa," akasema. "Bien reçu."