Pikipiki Iliyokataa Kumshusha Kitinda

Haya niliambiwa na fundi cherehani, yule mama tuliyepakana naye ukuta zamani, mimi nikiwa bado na meno yangu yote. Aliniambia huku anapinda sketi ya mtu. Hakuinua uso hata mara moja, mguu uko kwenye pedali, anashona na anasema, mpaka sketi ikaisha na maneno yakaisha. Nami nawapa kama nilivyopewa. Nikikosea mahali, ni uzee wangu, si yeye.

Alikuwa na wanawe wawili wa kiume, baba yao alishatangulia. Mkubwa alikuwa anabeba abiria kwa pikipiki, wakimwita Taratibu, maana hata umpandie una uchungu wa kuzaa, yeye kila shimo atalisimamia kwanza kama analisalimia. Mdogo alikuwa fundi wa kuchomelea, mageti na madirisha. Huyu aliitwa Kitinda, kwa kuwa ndiye wa mwisho, na alishaota ndevu zote lakini jina hilo halikumtoka. Alikuwa mtu wa kucheka. Akirudi kazini, mama yake anamsikia tangu barabarani.

Sasa Taratibu aliendesha pikipiki ya tajiri miaka mingi, mpaka akapata yake. Ilikuwa ndogo, imeshatumika, tangi limebonyea ubavuni. Siku aliyoinunua aliisukuma mpaka nyumbani. Mama akatoka na sindano mdomoni.

"Imeshaharibika?"

"Haijaharibika, mama. Nimeisukuma watu waione vizuri."

Wakaihangaikia wote watatu. Kitinda aliunyoosha ule ubavu wa tangi, akachomelea keria ya nyuma na ngao ya mbele, akamtegea kaka yake swichi ya siri chini ya kiti, mtu asiyeijua akipiga teke mpaka mguu uvimbe haiwaki. Mama akashona kava la kiti, jekundu, uzi wa mara mbili. Taratibu akaongeza vioo, akaongeza taa, akabadilisha honi. Kila wiki ina kipya. Ikawa inang'aa mpaka kuku wanajitazama kwenye bomba lake.

Ndipo wizi ulipoanza. Pikipiki zikawa zinaondoka moja moja. Ya mwenzake wa kijiweni iliondoka nyuma ya nyumba, mchana, mke wake anafua palepale. Alipogeuka hakuikuta. Mnyororo ulikuwa umekunjwa vizuri chini kama shuka, na kufuli liko juu yake, limefungwa.

Tangu hapo Taratibu hakuwa mtu. Alianza kuiingiza pikipiki sebuleni. Nyumba ikanuka mafuta, vitambaa vya watu vikanuka mafuta, mama kifua kikawa kinambana, maana alikuwa na pumu. Akamwambia, "Mwanangu, mimi ndiye nitakayeibiwa, na roho." Mwana akafungua dirisha, lakini pikipiki hakuitoa. Akaongeza mnyororo. Usiku anaamka anaishika, anaipapasa kiti, anarudi kulala. Kitinda akawa anamtania, "Kaka, mahari ya huyu umepeleka kwa nani?"

Siku moja Kitinda akaichukua bila kuomba, akabebea mabomba ya chuma. Akairudisha ina mchubuko kwenye tangi. Mdogo tu, kama ukucha wa paka. Taratibu akaukalia chini, anausugua kwa kidole.

"Hujui kuomba wewe."

"Keria nimechomelea mimi. Kiti kashona mama. Wewe umeleta nini hapo, kaka, zaidi ya makalio?"

Mama alicheka. Aliniambia hivyo, na hapo mguu wake ukasimama kidogo kwenye pedali. Alisema angejua, asingecheka.

Jioni ileile akaweka chakula. Akaleta beseni, wakanawa, Taratibu na yeye. Kitinda alikuwa amerudi kumalizia geti la watu. Mama akasema, "Tumsubiri mdogo wako." Taratibu akajibu, "Ana mikono, atanawa mwenyewe." Wakala. Baada ya kula, mama anamwona mwanawe anayamimina yale maji ya kunawia kwenye chupa.

"Unapeleka wapi maji machafu?"

"Nitaoshea tairi."

Wala hakudanganya, maana ndipo yalipokwenda. Ila hakuosha yeye.

Kulikuwa na mganga nyuma ya kiwanda cha mbao, anayezindika vyombo vya moto, asiibe mtu. Mganga gani huyo, hana kibuyu hana mkia wa mnyama. Mtu msafi, kavaa saa, anakuongelesha kwa upole kama karani. Kazi yake ni hiyo tu: umletee maji waliyonawia watu wa nyumba yako, wote, kwenye beseni moja. Anayamwagia tairi, anasema anayoyasema. Basi chombo kinawajua wenyewe. Haya yote Taratibu alikuja kumwambia mama yake baadaye, wakati kuambiwa hakusaidii tena.

Mganga aliitikisa chupa, akaitazama kwenye mwanga.

"Nyumba yako ina watu wangapi?"

Taratibu bado ana ule mchubuko moyoni. Akasema, "Wawili."

"Wawili kweli?"

"Wawili."

Mganga akamwagia. Akamwambia, "Ambaye mikono yake haimo humu ni mwizi, hata awe nani. Akiipanda haitamshusha. Itamzungusha mpaka uje umshike mwenyewe kwa mkono wako, kabla jua halijazama. Likishazama, utamshusha, lakini utakuwa umechelewa."

Akarudi nyumbani. Yale maji hayakukauka kwenye tairi siku nzima, na jua lilikuwa kali.

Hasira za ndugu haziendi mbali. Kesho yake wanakula sahani moja, wanacheka. Taratibu alikusudia amrudie mganga na chupa nyingine, ya watatu. Akasema kesho. Kesho ikawa na abiria, kesho kutwa mvua. Na kumwambia mdogo wake aliona aibu, angeanzia wapi? Akawa anamwambia tu, "Usiiguse pikipiki yangu." Kitinda anajibu, "Sigusi mke wa mtu." Wanacheka tena. Mama aliniambia, mwanawe mkubwa akicheka siku hizo macho yake yalikuwa hayacheki.

Sasa siku hiyo Taratibu alipanda gari kwenda mjini kutafuta rimu za kung'aa. Pikipiki kaiacha sebuleni, kaifunga. Mchana mama anashona, kifua kikabana. Si kubana kwa kila siku. Akakifikia kichupa chake cha dawa ya kuvuta, akakibonyeza. Kitupu. Akaanguka pale chini ya cherehani, pumzi inaingia nyembamba kama uzi.

Kitinda alirudi kula, akamkuta. Hakupiga kelele. Alimkalisha, akamwegemeza ukutani, akafungua vifungo vya shingoni. Duka la dawa liko mbali, kule kwenye maduka yanayozunguka kiwanja cha mpira, kwa miguu asingerudi akamkuta mama hai. Akaangalia pikipiki. Akachukua grenda yake, akakata minyororo yote miwili, cheche zinaruka mpaka kwenye vitambaa. Mama alitaka kumwambia kaka yako atakasirika. Hakuwa na pumzi ya kusema.

"Mama, nakuja sasa hivi."

Akabonyeza swichi aliyoitega mwenyewe. Ikawaka mara moja, hata hakuipiga teke.

Mama wa duka la dawa alikuwa mlangoni. Alimwona Kitinda anakuja, akamwona anapita. Akasema huyu ananunua kwingine. Mara kazunguka kiwanja, kaja tena. Anapita mbele ya duka anasema neno moja.

"Dawa."

Kapita. Akazunguka. Kaja.

"Ya mama."

Kapita. Watu wakaanza kucheka, wakasema fundi kalewa mchana. Kaja tena, na sasa mama wa duka akamwona uso. Ulikuwa mweupe kama majivu, jasho linatiririka mpaka kidevuni.

"Pumu. Mbio."

Yule mama aliacha duka wazi, akashika kichupa, akakimbia nacho mwenyewe mpaka nyumbani. Ndiye aliyempa pumzi. Mama alipopata sauti, neno la kwanza lilikuwa, "Mwanangu yuko wapi?" Mwenye duka akamfuta jasho. Akasema, "Yupo. Anazunguka."

Majirani wakamshika huku na huku, wakampeleka kiwanjani.

Watu walikuwa wengi na hakuna anayecheka. Kitinda anakwenda. Hakimbizi, mwendo uleule. Waliweka mabenchi njiani, pikipiki ikayakwepa. Wanaume walimvizia wakamkamata kiuno, wakaburutwa wakaachia. Wakasema mafuta yataisha. Wakakaa kusubiri. Kweli yakaisha. Ikakohoa, ikazimika.

Haikusimama.

Mlio hakuna. Moshi hakuna. Inakwenda. Unasikia tairi tu juu ya mchanga, na mtu anahema.

Mama akasogea ukingoni. Kila akipita anamwita. Kitinda anageuza shingo tu.

"Mikono haitoki, mama."

Anapita. Mama anangoja. Anarudi.

"Mwiteni kaka."

Anapita. Jua linashuka. Kivuli chake kinarefuka, kinapita juu ya miguu ya watu, watu wanaiondoa miguu. Mara nyingine kivuli cha pikipiki kikapita peke yake. Mtu yupo juu, kivuli chake hakipo.

Taratibu aliliona lile kundi kutoka kwenye gari. Mama alisema alishuka kabla gari halijasimama, rimu zikamtoka mkononi zikaviringika. Hakumuuliza mtu kitu. Alikimbia. Yule aliyeitwa Taratibu maisha yake yote, siku hiyo alikimbia mpaka viatu vikabaki nyuma. Akamfuata mdogo wake mzunguko mzima anakosa, mzunguko wa pili anakosa, anaita, "Wa kwetu huyu, wa kwetu huyu." Na jua lilikuwa limebaki ukucha juu ya mabati. Alipomfikia akamshika mgongo kwa kiganja.

Jua lilikuwa limeshazama.

Pikipiki ikasimama. Kitinda akashuka taratibu, vidole bado vimekunjwa vilevile. Akaenda kukaa kwenye baraza ya duka la dawa, akamwegemea mama yake.

"Umepata dawa?"

"Nimepata, baba."

"Kaka mwambie, mnyororo nitamlipa."

Kaka yuko palepale mbele yake. Anamshika magoti, analia. Kitinda hakumwona. Mama alimsikia pumzi inatoka nyembamba kama uzi, kama yake ya mchana. Akangoja irudi. Alisema alingoja mpaka watu wakaanza kumshika mabega, na yeye anawaambia, ngojeni, bado, ngojeni.

Baada ya kuzika, Taratibu alikwenda kule kiwanda cha mbao. Alikwenda na panga, siwafichi. Mganga alikuwa nje anafunga kamba za viatu. Hakuliangalia panga. Akamwambia kwa upole, "Nilikuuliza mara mbili, baba." Taratibu akarudi na panga lake, likamdondoka njiani asijue.

Pikipiki aliikata mwenyewe kwa grenda ya marehemu, vipande vipande, akavifukia mbalimbali. Hakupanda tena chombo chochote. Mjini anakwenda kwa miguu, na akifika nyumba ya watu haingii mpaka aulize humu mpo wangapi. Alizeeka upesi. Alimtangulia mama yake.

Fundi cherehani alibaki peke yake, tukapakana ukuta. Kifua kilimsumbua mpaka mwisho, lakini cha ajabu hakuogopa. Nikimsikia usiku anabanwa nagonga ukuta, nije? Ananijibu, "Lala, mwenzangu. Sipo peke yangu." Nami nilifikiri anasali.

Alikufa usingizini. Tukaingia sisi wanawake kusafisha chumba. Tulipokitoa kitanda pale katikati ya chumba tuliona sakafu. Ya saruji, niliijua, tuliisugua pamoja. Kulikuwa na alama ya tairi, nyembamba, ya pikipiki ndogo, imepazunguka pale kilipokuwa kitanda, pande zote. Si mara moja. Imepita hapohapo mpaka saruji imelika, ukiweka kidole kinazama. Na mlango wa chumba kile, wajukuu zangu, ni mwembamba, hata cherehani tuliitoa kwa kuipindisha.

Tulisugua kwa mchanga. Haikutoka. Aliyehamia baada yake aliweka mkeka juu.

Basi, yameisha, mtalala sasa. Wewe punguza taa, na wewe mfunike mwenzako miguu. Mlango uacheni kwanza. Kuna mwenzenu kaenda chooni. Hatufungi mpaka aingie.