Kibanda cha Reino Juu ya Barafu

Kila asubuhi mama alioka pai za nyama na viazi. Mbili zetu, tatu za Reino. Kisha alivaa viatu vyake vizito, akatembea juu ya barafu ya ziwa kumpelekea mwanawe.

Kaka yangu Reino alikuwa amehamia huko, kwenye kibanda cha marehemu baba cha kuvulia samaki. Alisema kuta za nyumba yetu zina sumu. Sauti anazozisikia peke yake ndizo zilizomwambia. Alishalazwa hospitali mara mbili. Akipewa dawa anapata nafuu, akirudi nyumbani anaziacha. "Mimi siumwi, Kaarina," ananiambia, na anaamini kweli.

Ilikuwa Machi, majira ya baridi yanaisha. Wavuvi wote walishaondoa vibanda vyao. Barafu imeanza kuyeyuka, imegeuka kijivu, na katikati ya ziwa zima kimebaki kibanda kimoja tu, kaka yangu yumo ndani. Nilikitazama kutoka dirisha la jikoni, roho mkononi.

Askari tuliowaita walikuja mara tatu. Kila mara walimkuta ameshiba, amewasha moto, anajibu kwa adabu. "Hajamdhuru mtu," wakasema, wakaenda zao.

Siku moja jirani yetu Verna alimkuta mama ufukoni. Verna anafanya kazi kituo cha afya ya akili.

"We Aune! Unakwenda wapi na pai? Barafu itawameza nyote wawili!"

"Nifanyeje? Sheria inangoja mpaka aumize mtu."

"Nani kakudanganya? Haya, ndani!"

Tukaketi jikoni. Verna akaeleza. "Mtu mzima yeyote anaweza kuiomba mahakama. Mgonjwa asipotambua kwamba anaumwa, akaacha dawa, akawa hatarini, jaji anaweza kuamuru atibiwe. Hata akiwa anaishi nyumbani."

"Nimshtaki mwanangu wa kumzaa?" Mama akaanza kulia.

"Humshtaki, Aune. Hii si kesi ya jinai. Daktari atampima. Atapewa wakili wake. Na yeye atasema, jaji atamsikiliza. Tena amri ina mwisho wake."

"Tuandike nini?" nikauliza.

"Mliyoyaona kwa macho yenu, na tarehe. Na hizo pai, Aune, ziandike. Askari wanamwona kijana aliyeshiba. Hawamwoni anayemshibisha."

Mama akafuta machozi. Kisha akaomba kalamu.

Jaji aliposoma maombi yetu, aliamuru Reino akapimwe. Askari wawili na Verna walimfuata wakivuta mashua, endapo barafu ingepasuka. Reino alipofika ufukoni alimkazia mama macho.

"Umeniuza!"

Mama hakurudi nyuma.

Siku ya mahakama nilitarajia ukali. Jaji alikuwa bibi mfupi mwenye miwani. Alimsikiliza daktari, akamsikiliza mama, kisha akamgeukia kaka yangu.

"Bwana Koskela, siku uliyotoka, barafu ilikuwa na unene gani?"

Reino, ambaye hakuwa amemtazama yeyote kati yetu, akainua uso.

"Inchi tatu, mheshimiwa."

"Mimi navua tangu utotoni. Kwa inchi tatu hata mbwa wangu simpeleki."

Reino akacheka. Jamani, alicheka! Jaji mzima, na joho lake, na bendera nyuma yake, anaongea na mgonjwa wetu kama mvuvi na mvuvi mwenzake. Sikujua sheria inaweza kuwa na sauti ya namna ile.

Wakili wa Reino aliomba asikae hospitali muda mrefu, jaji akakubali. Akaamuru miezi sita: sindano kila mwezi, na Verna kumtembelea nyumbani. Akikataa, atarudishwa kupimwa. Hatapelekwa jela.

Siku ya tisa Reino akiwa hospitali, tulisikia kishindo, madirisha yakatetemeka. Barafu ilipasuka kutoka ng'ambo hadi ng'ambo. Kibanda kikainama polepole, kikazama. Mama alinishika mkono.

Amri iliisha Septemba. Mwezi uliofuata Reino alikwenda kuchomwa sindano mwenyewe, bila kuambiwa na mtu.

Januari alijenga kibanda kipya. Verna alimtania kwamba kimepinda kuliko cha mzee. Reino akatoboa barafu, akapima.

"Inchi kumi na mbili! Mama, njoo!"

Mama hakuwa amekanyaga ziwa tangu siku kibanda cha zamani kilipozama. Alivuka taratibu, nikiwa nimemshika. Kibandani, Reino akafungua kikapu. Safari hii pai alioka yeye, na zilikuwa zimeungua chini. Mama alikula tatu.