Wakati wa Kugawa Deizi za Mama

Kila asubuhi nikimaliza kukamua, nampelekea mama mkwe wangu, Penina, chai ya maziwa barazani. Tunaishi mlimani Meru, katikati ya kahawa na migomba. Mama hunywa chai akitazama deizi zake. Ni maua meupe yenye jicho la njano. Alizipanda mwenyewe zamani, kando ya kaburi la baba mkwe.

Kila Desemba ni zamu ya jumuiya yetu kupamba madhabahu kanisani. Miaka yote mama ndiye aliyeleta maua. Lakini mwaka ule deizi zilitoa maua saba tu. Kichaka kilibaki kama duara. Pembeni majani, katikati kipara. Kuku alikuwa anataga humo.

Wanawake wa jumuiya wakanunua maua ya plastiki mjini. Baada ya ibada mmoja wao akamtania mama, "Penina, Krismasi hii madhabahu imevaa plastiki!"

Mama hakucheka. Tulipofika nyumbani akaniambia, "Elinipa, maua yangu yamezeeka pamoja nami. Tutaondoka pamoja."

Tangu siku hiyo akawa anaacha chai nusu.

Mimi niliogopa. Nikawa namwaga samadi pale katikati kila wiki. Hakikuota kitu. Kuchimba sikuthubutu. Kitu alichokipanda mama mkwe, tena kando ya kaburi, nitakipigaje jembe?

Mume wangu Gadiel hakuogopa. Mchana mmoja wa Januari, jua kali, akachukua jembe akakata kipande.

"Napanda getini," akasema. "Kitashika tu."

Baada ya siku nne kilikuwa kimekauka kama tumbaku. Mama akakiona.

"Nani amechimba deizi zangu?"

Gadiel akainamisha kichwa. "Ni mimi, mama. Nilitaka kusaidia."

"Haya, umesaidia. Asiguse mtu tena."

Jumapili iliyofuata alikuja jirani yetu Namnyaki, binti wa wafugaji. Anafanya kazi kwenye shamba la maua kule Nduruma, na hurudi nyumbani mwisho wa wiki. Nikampeleka kwenye kichaka, nikamweleza yote kwa sauti ya chini.

Akachutama, akafunua majani ya pembeni.

"Mbona hakijafa? Ona vichipukizi hivi, bado vichanga. Kilichokufa ni shina la zamani, la katikati. Deizi inasogea nje kila mwaka. Mizizi ikibanana, maua yanapungua. Kila baada ya miaka miwili au mitatu inatakiwa uichimbue, uigawe."

"Na samadi niliyomwaga?"

"Ulikuwa unamlisha marehemu, shoga yangu."

Nikacheka, nikaziba mdomo haraka. "Basi tuigawe leo."

"Wee! Na jua hili? Hapo ndipo shemeji alipokosea. Mzizi uliokatwa haunywi maji vizuri. Subiri maua yaishe, mvua za masika zianze, udongo ulowe mpaka chini. Tena chagua siku ya mawingu, au jioni."

"Mama hatakubali."

"Siku ikifika tutaongea naye."

Mwezi wa tatu mvua zikaanza. Kila asubuhi nilichimba kidogo kwa panga, kando kabisa, nione unyevu umefika wapi. Jumamosi moja ulikuwa umevuka shubiri, na mawingu yameufunika mlima. Nikamwita Namnyaki.

"Shikamoo, mama," Namnyaki akamsalimu barazani.

"Marahaba. Mmekuja wawili, kuna jambo."

"Nina swali tu. Shina la mgomba unaliachia migomba mingapi?"

"Ninyi watu wa ng'ombe bwana!" Mama akacheka. "Naacha mama, mtoto na mjukuu. Machipukizi mengine nayang'oa, nayapanda kwingine."

"Ukiyaacha yote?"

"Unapata ndizi kama vidole vya mtoto."

"Na kuhamisha unahamisha lini?"

"Si mvua ikianza..." Mama akazitazama deizi zake. Kisha akanigeukia.

"Elinipa, lete jembe. Lakini naanza mimi."

Akapiga jembe moja, akampa Gadiel. Kwanza tulikata vikonyo vyote vikavu. Gadiel akachimba kuzunguka kichaka, shubiri moja kutoka shinani, akakinyanyua chote na mizizi yake. Namnyaki akakigawa kwa kisu kikali, kisafi. Kila kipande kilikuwa na vichipukizi vitatu mpaka vitano na mizizi yake. Vile vijiti vyeusi vya katikati tukavitupa.

"Pandeni sasa hivi, mizizi isikauke," Namnyaki akasema. "Kina kilekile cha mwanzo. Msizike vichipukizi."

Tulichanganya udongo na samadi iliyooza. Kati ya shina na shina tuliacha nafasi ya mkono, kutoka kiwiko mpaka ncha za vidole. Tukamwagilia. Tukatandaza majani makavu ya migomba juu ya udongo, mbali kidogo na vichipukizi.

Tulipata vipande kumi na sita. Mama alipanda vinne kando ya kaburi na saba mbele ya baraza. Vitano akawapa wanawake wa jumuiya.

Siku za kwanza majani yalilegea. Mama akawa anaamka kabla yangu kwenda kuyaangalia. Wiki ya pili nikiwa zizini nikasikia, "Elinipa! Acha hiyo ndoo uje! Zimesimama!"

Asubuhi ile alikunywa chai yote, akaomba nyingine.

Desemba tulikata maua, yakajaa ndoo mbili. Madhabahu ikawa nyeupe. Baada ya ibada mama mchungaji akamfuata mama mlangoni.

"Mama Penina, nisikuache hivihivi. Leo naomba shina moja, nikapande kwetu Sokon."

"Leo hapana, mama mchungaji. Zinachanua, na jua la Januari linakuja. Nikikupa leo nimekupa kuni."

"Sasa lini?"

"Njoo Machi, mvua ikishalowesha shamba. Uje jioni. Nitakuchimbulia kwa mkono wangu."

Mama mchungaji akacheka. "Machi ni mbali, mama!"

"Si mbali," mama akasema. "Wewe njoo. Nitakuwepo."