Kitambaa Chekundu Foleni

Jioni ile Kavutha alitoka kibaruani Industrial Area moja kwa moja hadi mferejini. Bintiye Kathini alikuwa anaharisha tangu asubuhi na nyumba haikuwa na tone la maji. Siku nyingine mtoto angemfuata na kidumu chake kidogo kilichofungwa uzi wa bluu. Leo hata kusimama ilikuwa kazi.

Sasa, mtaani kwao hawapangi watu foleni, wanapanga mitungi. Mtungi wako ukiwa pale, wewe upo, hata ukienda kupika. Foleni ikisogea, unausogeza wa jirani pamoja na wako. Ukikataa, utasemwa na wapangaji wa ploti nzima.

Kavutha akasogeza wake. Akasogeza wa mbele yake, wa njano, wenye kitambaa chekundu kwenye kishikio. Akasogeza tena...

Akauachia ghafla.

Kitambaa kile kilikuwa cha Nasambu, jirani yake wa ukutani. Tumbo hilihili la kuharisha lilimuua. Wiki iliyopita walimsafirisha kwao Bungoma, wakamzika.

"Nani ameleta huu mtungi?" akamnong'oneza Asenath, aliyekuwa nyuma yake.

Asenath akatazama kando. "Mama Kathini, sogeza tu. Kila jioni mtungi huu uko hapa. Jirani yetu Wekulo aliuruka juzi, hakuusogeza... leo anaharisha damu."

Ala! Sasa mama wa watu afanyeje? Mfereji ukakohoa. Maji yakaja na harufu ya choo, maana bomba limepita ndani ya mtaro wa maji taka na kila mtu anajua. Kavutha akaujaza mtungi wa marehemu kwanza. Kisha wake. Alipoinua macho, ule wa njano haukuwepo. Chini palibaki mchirizi wa maji, umeelekea ploti yao.

Akakimbia.

Kathini alikuwa ameketi kitandani, kikombe mkononi, midomo imelowa.

"Mama, kiu imeisha," akasema polepole. "Anti Nasambu ameniletea maji."

Kavutha alimbeba mbio hadi zahanati, akilia njia nzima. Mtoto hakuliona jua la kesho yake.

Wengine walisema ni pepo. Wengine, ni bomba. Wote walirudi kuteka palepale, kwani kwingine ni wapi?

Walipotoka kumzika kwao Kitui, Kavutha naye alirudi. Mbele ya mtungi wake palikuwa na kidumu kidogo chenye uzi wa bluu. Kilekile alichokiacha kwa mkono wake juu ya kaburi.

"Sogeza, Mama Kathini," Asenath akanong'ona.

Akakisogeza.