Aliyevua Viatu Mlangoni

Siku Lenny Kituyi alipokutana na Wahu, alikuwa ameenda kununua waya ya breki ya baiskeli, na baiskeli hakuwa nayo.

Ilikuwa Jumamosi asubuhi, na duka la hadwea la Mzee Macharia pale Kapsoya lilikuwa limefurika. Mafundi waligombania misumari, kina mama waliulizia rangi, na mtu wa boda boda alipiga honi nje kana kwamba simiti ingejibeba yenyewe. Nyuma ya kaunta alisimama Wahu, binti ya mwenye duka, mikono ya sweta yake ya kijani imekunjwa hadi viwikoni, kitambaa chekundu kichwani, vumbi la simiti kwenye kope. Hata hivyo alipendeza, na alijua.

"Waya ya breki," Lenny alisema. "Moja tu."

"Ya mbele ama ya nyuma?"

"Yoyote."

Wahu akamwangalia. "Kwani baiskeli yako ni ya aina gani, haichagui breki?"

"Ni ya gitaa. Nachambua hiyo waya, natoa uzi mmoja, nafunga pale uzi wangu umekatika. Inalia vizuri tu."

Mafundi wakacheka. Wahu akacheka kuwashinda. "Kumbe ni wewe hupiga gitaa kanisani! Wewe hufunga macho sana."

"Huo ni upako."

"Hiyo ni kuringa."

Kisha akainama kidogo, akateremsha sauti, akatoa simu mfukoni mwa aproni. "Ngoja. Kuna wimbo nataka kujua. Ukinifundisha, hiyo waya ni ya bure."

Wimbo wenyewe ulikuwa wa roki, wa Kiingereza, wa bendi ndogo ya vijana wa Nairobi ambao hakuna redio iliyowahi kuwacheza. Gitaa mbili, ngoma iliyopigwa kama mtu anayebisha mlango kwa woga, na msichana mwenye sauti ya mafua. Lenny aliusikiliza nusu tu, akasema atauweza. Ukweli ni kwamba wakati huo alikuwa anaangalia kope.

Basi wakaanza. Kila Jumamosi alasiri, Lenny akitoka kazini kwenye stoo ya mahindi alikokuwa karani, walikaa nyuma ya duka juu ya magunia ya simiti, gitaa likihama kutoka paja hili kwenda lile. Mzee Macharia alipita kila baada ya dakika tano kutafuta koleo ambalo halikuwa limepotea. Wahu alijifunza haraka, isipokuwa ule mshiko wa F, uliomuumiza vidole.

"Bonyeza, mpenzi."

"Nani mpenzi?"

"Nilikuwa naambia gitaa."

"Basi liambie likuletee chai."

Maneno ya wimbo ndiyo yaliwagombanisha. Ubeti wa pili ulisimulia mtu anayefika nyumbani mchana mweupe, anavua viatu mlangoni, anavishika mkononi, anaiomba nyumba isimuulize alikotoka.

"Huyu ni mlevi," Lenny alisema.

"Mlevi gani anavua viatu? Mlevi hata mlango haoni."

"Basi ni mwizi."

"Lenny, soma vizuri. Mwizi haombi nyumba. Huyu ni mtu wa kwao. Ana aibu." Wahu akakwangua simiti iliyoganda kwenye gunia. Mafundi walikuwa wameondoka. "Huyu ni mimi."

Akamwambia. Miaka miwili nyuma aliolewa Nakuru. Mbuzi za mahari zilitolewa, wazee wakakaa, babake akavaa suti mpya. Ndoa ilidumu miezi minne. Bwana alikuwa na mkono mwepesi, na siku alipomvunja jino, Wahu alipanda gari, akafika Kapsoya Jumapili mchana, akavua viatu na kupitia nyuma ya duka ili babake asimsikie akiingia. Babake alimsikia. Hakumuuliza kitu, lakini kanisani, ambako alikuwa mzee wa kanisa, alisema binti yake ametoka Thika alikokuwa akisomea biashara. Hakuna aliyejua zaidi, kwa kuwa harusi ilifanywa huko huko Nakuru.

"Hii sijaambia mtu," Wahu alisema.

"Imeingia hapa imekaa," Lenny akajibu, akijigusa kifua. Na aliposema hivyo alimaanisha. Hapo ndipo unapotaka kumpiga kofi huyu kijana, kwa sababu alimpenda Wahu kwa moyo wote na bado alikuwa amemwambia mamake kwamba Wahu ni mwanafunzi wake tu. Mama huyo, Mama Nanzala, alitaka mkwe kutoka kwao Bungoma, na Lenny hakupenda kelele.

Sasa, katika makanisa yetu ya huku mtu haimbi hivi hivi. Ukipewa nafasi ya wimbo maalum, sharti kwanza utoe ushuhuda, watu wajue wimbo umekutoa wapi. Pasta Murunga alipompa Lenny nafasi hiyo, kijana alichagua wimbo wa Wahu. Alitaka kumfurahisha. Alipopiga nyuzi za kwanza, mstari wa kina mama ukakunja uso.

"Brother Lenny," pasta akasema kwa upole, "hebu tueleze. Huu nao ni wa kanisa kweli?"

Jasho likamtoka. "Bwana asifiwe."

"Amina."

"Huu ni wimbo wa mtu anayerudi nyumbani na aibu. Kuna dada mmoja ninayemjua."

"Amina!"

Hizo amina zikamlevya. Alipaswa kuketi hapo, lakini akaendelea. Akasema dada huyo aliolewa Nakuru. Akasema miezi minne. Akasema jino. Watu wakaguna kwa huruma, mmoja akalia, na Lenny, macho yamefungwa vile vile, akasimulia dada huyo alivyovua viatu na kupita nyuma ya duka la simiti ili baba yake asisikie.

Kapsoya yote duka la simiti lenye binti ni moja. Vichwa viligeuka pole pole hadi mstari wa tatu, ambako Mzee Macharia alikuwa ameshika kofia yake magotini. Wahu, kwenye gauni la bluu alilonunua kwa ajili ya siku hiyo, alikuwa anamwangalia Lenny tu. Wala hakulia. Alisimama, akatoka, na visigino vyake vilisikika hadi mlangoni.

Wahenga walisema heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Lenny alipiga wimbo hadi mwisho kwa sababu hakujua jinsi ya kuacha.

Alimpigia simu mara kumi na tisa. Haikushikwa. Jumamosi akaenda dukani, akakuta ni Mzee Macharia anayehudumu.

"Ulitaka nini, kijana?"

"Mzee, nimekuja kuomba..."

"Hapa tunauza. Ulitaka nini?"

"Misumari," Lenny akasema, kichwa chini.

Mzee akapima misumari, akaifunga gazetini polepole. "Mimi ndiye nilisema Thika," akasema bila kuinua macho. "Nilikuwa namfunika mtoto wangu. Juzi mtu mzima ameniuliza kama Thika siku hizi wanang'oa meno." Akamsukumia kile kifurushi. Lenny alitoka pale akitamani ardhi ya Uasin Gishu yote immeze, na misumari ile hakuwahi kuifungua.

Siku ya kumi na mbili Wahu alishika simu. Lenny alikuwa nyuma ya stoo ya mahindi, kelele za kupakia zimetulia kwa chakula cha mchana.

"Ongea. Niko na wateja."

"Wahu, nisamehe. Nimeaibika mpaka nashindwa kula. Lakini nimepata njia. Jumapili nitasimama, niseme nilitunga. Niseme ilikuwa mfano tu."

Kicheko kifupi kisicho na furaha.

"Utasimama tena? Wewe ukiona watu wamekaa, lazima usimame?"

"Nataka kutengeneza."

"Kwa uongo mwingine? Wa baba ulitosha. Nakuru nilienda, nikarudi, sina deni la mtu. Unajua ni nini iliniuma? Si jino. Uliniita dada mmoja unayemjua. Ushanishika mkono juu ya simiti, unaniita mpenzi, halafu mbele ya watu mimi ni dada mmoja. Mamako anajua mimi ni nani kwako?"

Lenny akahamishia simu sikio la pili.

"Nilidhani hivyo."

"Wahu, nifanye nini?"

"Sijui. Lakini Jumapili mimi nitakaa mahali pangu, mstari wa tatu. Sijifichi tena." Simu ikakatika.

Jumapili hiyo Lenny aliingia kanisani bila gitaa. Hilo pekee liliwafanya watu wageuke. Alivaa shati jeupe, na mgongoni lilikuwa tayari limelowa. Mamake, Mama Nanzala, alikuwa na zamu ya kuwaonyesha watu viti, leso ya ushirika wa kina mama begani, na alimwashiria mstari wa vijana. Lenny akampita. Kutoka mlangoni hadi mstari wa tatu ni hatua ishirini, na katika kila hatua alisikia mnong'ono. Aibu ilimpanda hadi masikioni. Safari hii hakufunga macho.

Kwenye benchi, kati ya Wahu na babake, palikuwa na nafasi moja, na juu yake kofia ya mzee.

"Mzee, naomba kukaa."

Mzee Macharia aliangalia madhabahu muda mrefu sana. Wahu naye aliangalia madhabahu. Hatimaye mzee akaichukua kofia, akaiweka gotini.

Lenny hajaketi vizuri, mamake akafika, ameinama, tabasamu la kanisani limemkaza midomo. "Lenny, kuja huku. Watu wanaangalia."

"Naona, mama." Hakuishusha sauti wala hakuipandisha. "Huyu ni Wahu. Si mwanafunzi. Ndiye nampenda, na nilikuficha. Na yale nilisema pale mbele hayakuwa yangu kusema."

Mama Nanzala akamtazama Wahu kuanzia kitambaa hadi viatu. Wahu hakuinamisha uso. "Shikamoo, mama," alisema.

Mwimbishaji akaanza pambio. Watu wote wakasimama, na mama yule akabaki katikati ya njia, leso inateleza begani. "Marahaba," akajibu mwishowe, kwa sauti kavu, akarudi kazini kwake. Hakutabasamu. Lakini alijibu, na wote walisikia.

"Bado nimekasirika," Wahu akanong'ona.

"Najua."

"Nitakasirika kwa muda."

"Nitakuwa hapa."

Pasta Murunga alikuwa akimtafuta kwa macho, mkono umenyooshwa kuelekea maikrofoni. Lenny akatikisa kichwa, hapana. Uso wake uliwaka, na aibu ile haikumtoka siku hiyo, wala wiki iliyofuata. Wahu aliona. Akauchukua mkono wa Lenny, akauweka juu ya paja lake mwenyewe, mahali ambapo mstari wa nne wote ungeuona, na akauacha hapo mpaka ibada ikaisha.