Hadithi Iliyokatwa Mkia

Darasa lilikuwa na wanafunzi arobaini na wawili, na wote waliitikia kwa pamoja kama walivyofundishwa. Mwalimu alisema, "Hadithi yaja," nao wakajibu, "Na ije, tumekaa." Midomo yote ilipokwisha kufungwa, sauti moja zaidi ikaitikia kutoka nyuma, taratibu, kama ya mtu aliyechelewa kuingia: "Na ije, tumekaa."

Mwalimu aliinua macho. Wanafunzi walimwita Mwalimu Kamusi, kwa siri, kwa sababu hakuna aliyekosea ngeli mbele yake akatoka salama. Sauti ile haikuwa ya mtoto. Alijiambia ni mzaha wa wale warefu wa dawati la mwisho, akafungua kitabu na kuanza kusoma.

Kitabu kilikuwa chake, jina lake limekaa kwenye jalada kwa herufi za dhahabu. Alikuwa amekusanya hadithi kumi na mbili za kale na kuziandikia maelezo: jinsi watu wasiokuwa na kalamu walivyoweka elimu yao midomoni, jinsi jini wa hadithini asivyokuwa kiumbe bali hofu ya watu iliyovishwa umbo. Ofisi ya elimu ilikuwa imekisifu, hasa kwa ajili ya hadithi ya saba.

Hadithi hiyo ilimhusu mwanamke aliyeonyeshwa kisima wakati wa ukame na jirani yake maskini aliyekuwa akikata roho. Mji mzima ulikunywa. Mwanamke alipoulizwa nani kamwonyesha, alijibu kwamba amekigundua mwenyewe. Siku ileile jini wa kisima akatoka na kumfuata, akiuliza swali moja tu: nani kakwambia? Alipodanganya mara ya kwanza, jini alisimama kizingitini. Mara ya pili alikaa naye chumbani. Mara ya tatu alimwingia kinywani, na mpaka anazikwa mwanamke yule hakuweza kutamka neno jingine isipokuwa swali lilelile.

Mwalimu alifunga kitabu, akauliza kama kuna mwenye swali.

"Nani kakwambia?"

Ni sauti ileile. Watoto waligeuka nyuma, wakatazamana. Mmoja alianza kucheka, akaacha.

"Marehemu bibi yangu," Mwalimu alijibu, na hapohapo akasikia harufu ya kisima kilichofunikwa miaka mingi, ya tope na majani yaliyoozea majini. Ilikuwa saa sita mchana, na mvua haikuwa imenyesha kwa miezi miwili. Lakini pale kwenye kizingiti cha darasa, juu ya saruji iliyokauka kwa jua, palikuwa na nyayo mbili zilizolowa, vidole vikielekea ndani.

Ukweli ni kwamba bibi yake hakumsimulia lolote. Alifariki Mwalimu akiwa na miaka miwili.

Hadithi ile alipewa stoo, katikati ya mafagio na makopo ya rangi, alikokuwa akijificha kusahihisha madaftari. Aliyempa ni msafishaji wa shule, mama wa makamo ambaye watoto walimwita Mama Deki kwa kuwa hakuonekana bila ndoo. Alisimulia huku akikamua tambara, bila haraka, akibadilisha sauti kwa kila mhusika, mpaka Mwalimu akasahau kalamu yake nyekundu. Alipofika mwisho akaongeza maneno mengine: kwamba ameipokea kwa mama yake, naye kwa mama yake, naye kwa mwingine wa nyuma zaidi, na sasa anampa Mwalimu.

"Huo ndio mkia wake," alisema Mama Deki. "Usiukate, Mwalimu. Mkia ndio unaofunga mlango."

Mwalimu alitabasamu, akauandika mkia pia. Lakini nyumbani, alipokuwa akinakili kwa ajili ya kitabu, jicho lake lilisimama kwenye mstari uliosema imesimuliwa na msafishaji wa shule. Aliwaona walimu wenzake wakiusoma. Alimwona profesa wake wa zamani. Akaufuta, akamweka bibi yake, na mkia akaukata akijiambia kwamba hauna kazi yoyote ya kisanaa. Uso ulimwaka siku ile, peke yake mezani, lakini haya ya faraghani huwa haimzuii mtu.

Siku mbili baada ya tukio la darasani, afisa wa elimu alikuja kumpongeza. Walimu wote walikusanyika ofisini saa nne, na Mama Deki akaitwa kumimina chai. Afisa, mzee mwenye sauti ya upole, alikishika kitabu kwa mikono miwili, akasema hadithi ya saba imemkosesha usingizi. Akamuuliza Mwalimu aliipata wapi.

Mama Deki alikuwa amesimama kati yao, birika mkononi. Mwalimu aliutazama mkono ule uliopauka kwa sabuni. Alikuwa na nafasi, na alijua ana nafasi. Ilikaa pale mbele yake kama kikombe.

"Kwa bibi yangu, mheshimiwa. Alikuwa bingwa wa kusimulia."

Chai haikumwagika hata tone. Mama Deki alijaza kikombe, akafuta mdomo wa birika kwa kitambaa, akamuuliza afisa kwa adabu kama anatumia sukari. Hakumtazama Mwalimu, na hilo ndilo lililomchoma.

Kisha Mwalimu Mkuu akatazama chini, akakunja uso. Nyayo zilizolowa zilikuwa zimetoka mlangoni, zikapita kati ya viti, zikakoma nyuma ya kiti cha Mwalimu. Mwalimu Mkuu alimgombeza Mama Deki mbele ya mgeni kwa kuacha sakafu na maji. Mama Deki alikuwa hajapiga deki ofisi ile tangu jana. Alisema samahani, akapiga magoti, akafuta nyayo moja baada ya nyingine, na alipofika kwenye zile za nyuma ya kiti mkono wake ukaganda kidogo, kama mtu aliyegusa kitu anachokijua.

Mchana ule Mwalimu aliwahi kurudi nyumbani. Mumewe, fundi umeme, alikuwa bado kazini. Alivua viatu, akaingia chumbani apumzike, akakuta upande wa mumewe wa kitanda umebonyea na shuka limelowa, na ile harufu ya kisima imetanda mpaka kwenye mapazia. Naye akarudi nyuma mpaka ukutani na kusimama hapo akisikiliza tone likidondoka mahali asipopaona, likadondoka tena, likasogea, kwa maana hakulisikia tena kitandani bali katikati ya chumba, halafu kwenye zulia miguuni pake, halafu karibu kabisa na sikio lake, na pumzi yenye ubaridi wa shimoni ikampita shavuni bila kusema neno, kwa subira, kama mgeni ajuaye kwamba ataulizwa tu atakachokula.

Mlango wa mbele ulifunguliwa. Mumewe aliingia akiita. Mwalimu alikimbilia sebuleni, akafungua kinywa amwambie pole na kazi.

"Nani kakwambia?"

Mume alicheka. "Kaniambia nani, nini?"

Alijaribu tena. Alitaka kusema nisaidie, yakatoka maneno yaleyale, kwa sauti isiyokuwa yake. Mumewe aliacha kucheka. Alimkalisha kochini, akamshika mikono, akamuuliza nani kamfanya nini, naye akawa anatikisa kichwa huku machozi yakimtoka, amebana midomo kwa kiganja. Sauti yake ilirudi jua lilipozama, kama aliyeonjeshwa tu mara ya tatu itakavyokuwa. Mume alitaka waende hospitali. Mwalimu alisema kesho, kwanza ana mtu wa kumwona. Hakuthubutu kumwambia ni nani, wala kwa nini.

Asubuhi alimkuta Mama Deki stoo, akihesabu mafagio. Alifunga mlango. Alikuwa amepanga maneno mazuri njiani, yote yakampotea.

"Mama, nimekuibia," alisema. "Niliona aibu kusema nimefundishwa na wewe. Nimedanganya mara mbili, na mara ya pili ulikuwepo. Sasa yuko chumbani kwangu."

Alitegemea kugombezwa. Badala yake Mama Deki alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akafunika uso kwa khanga yake.

"Alikuwa chumbani kwangu kwanza," alisema.

Mwalimu hakuelewa.

"Miaka thelathini nimelala nikisikia tone, Mwalimu. Hakuna bomba, hakuna dari linalovuja. Siku niliyokusimulia, tone likakoma. Nikajua limehamia kwako, nikanyamaza. Nililala usingizi mtamu. Jana nilipozifuta zile nyayo nikaona haya mpaka nikatamani sakafu ifunuke."

"Lakini wewe ulinipa na mkia."

"Mkia wa uongo. Hadithi ile sikupewa na mama yangu."

Akaeleza, akisitasita. Alipewa na mke wa pili wa baba yake, mwanamke fundi cherehani ambaye yeye alimwita Mama Mdogo. Ndiye aliyemuuguza mama yake Mama Deki alipougua mwaka mzima. Mama alipopona, akasema ugonjwa ule alitupiwa na mke mwenzie. Watu wa mtaa wakajaa uani. Wakamuuliza yeye, binti wa miaka kumi na mitano, ameona nini.

"Nikasema nimemwona akifukia kitu mlangoni."

"Ulimwona?"

"Hapana," alisema Mama Deki. "Mama alikuwa ananitazama."

Mama Mdogo alifukuzwa siku ileile na cherehani yake kichwani. Tangu hapo, kila Mama Deki aliposimulia hadithi, alimruka yeye na kumtaja mama yake; na kwa kuwa hakuna aliyewahi kumuuliza nani kamwambia, jini hakumfika kinywani.

Mkia wa kweli ulikuwa kwa Mama Mdogo; walikwenda kumtafuta Jumapili mchana. Alikuwa hai, upande wa pili wa mji, katika chumba kimoja kilichojaa vitambaa, mlango wazi, cherehani ikinguruma. Kwa siku tatu Mwalimu alikuwa hajazungumza na mtu zaidi ya lazima, akiogopa kuulizwa. Njia nzima walisikia nyuma yao miguu mitupu iliyolowa ikipiga vumbi, na hakuna aliyegeuka.

"Shikamoo, Mama Mdogo."

Bibi kizee alisimamisha cherehani. Alimtazama Mama Deki kwa muda mrefu kabla ya kuitikia marahaba. Aliwaonyesha mkeka. Halafu akatazama juu ya mabega yao, mlangoni.

"Na huyo mwenzenu wa tatu," alisema, "mbona hakai?"

Chumba kikapoa ghafla. Mwalimu alihisi maji yakimtiririka mgongoni, yasiyo jasho, na ile pumzi ya shimoni ikamjia sikioni, na safari hii ikauliza, na wote watatu wakasikia: "Nani kakwambia?"

Uongo ulikuwa tayari mdomoni mwa Mwalimu, umezoea njia. Alimtazama Mama Deki, akamtaja kwa jina lake kamili, ambalo ilimbidi aliulize siku ile stoo baada ya miaka sita ya kufanya naye kazi. "Kaniambia huyu. Msafishaji wa shule yetu."

Maji mgongoni yakakatika.

Tone likadondoka mbele ya Mama Deki. "Nani kakwambia?"

"Huyu hapa," alisema Mama Deki. "Mama yangu mdogo. Hakufukia kitu. Nilisema uongo nikiwa na akili zangu timamu, na nimeusema tena kila mwaka."

Tone la tatu likaanguka juu ya kitambaa kwenye cherehani. Bibi kizee hakushtuka. Aliulizwa, akajibu kama anayetaja bei ya kitambaa.

"Kaniambia bibi yangu. Yeye aliambiwa na bibi yake. Huyo kaambiwa na nani, sisi hatujui, na tumesema hatujui. Haya, nenda."

Palikuwa na sauti kama ya maji yanayonywewa na mchanga. Harufu ikatoka kwa mlango, jua likaingia mahali pake, na mkeka uliolowa chini yao ukakauka.

Mama Deki aliinama mpaka paji la uso likagusa sakafu. Aliomba radhi, akaomba tena. Bibi kizee alimwacha amalize.

"Huko mtaani kwenu bado wananiita mchawi?"

"Bado, Mama Mdogo."

"Mama yako yupo?"

"Yupo."

"Basi kaanzie kwake." Akaweka kitambaa chini ya sindano. "Uliyonitendea nimeyasikia leo kwa mdomo wako. Kusamehe ni kazi nyingine, na mimi nina gauni la mtu hapa."

Jumatatu Mwalimu alisimama mbele ya shule nzima na kumtaja mwenye hadithi. Mwalimu Mkuu alijaribu kumkatiza, akihofia ofisi ya elimu; Mwalimu aliendelea. Alimwandikia barua afisa. Katika ofisi ya walimu watu waliacha kuongea kila alipoingia, na wengine walimhurumia, jambo ambalo lilikuwa baya zaidi. Sauti yake ilibaki yake. Kila alipopita stoo alipunguza mwendo, akasalimia, akaitikiwa kwa adabu, na hakusimuliwa tena kitu.

Mama Deki alikwenda kwa mama yake, kisha nyumba kwa nyumba mtaani kwao, akisema aliyoyafanya milangoni mwa watu waliokwisha kusahau na wengine waliomfungia mlango. Mama yake hakumsemesha tena. Na kila Jumapili alivuka mji kwenda kukaa kwenye ule mkeka. Mama Mdogo alishona, hakumfukuza wala hakumsemesha. Jumapili ya kwanza ikapita hivyo, na ya pili, na miezi miwili mizima.

Jumapili moja mchana cherehani ilisimama. Bibi kizee alihangaika nayo kidogo, akasonya, kisha akanyoosha mkono bila kugeuza kichwa.

"Hebu nitilie uzi," alisema. "Macho yamechoka."

Mama Deki aliusogelea mkono ule. Uzi ulimponyoka mara tatu kabla ya kupita.