Bamba la Ambrose Kettle

Haya yalimkuta rafiki yangu Winifred, huko Filadelfia. Miaka sita alifukua maisha ya Ambrose Kettle, mchongaji wa picha za noti, ambaye jina lake lilikwanguliwa na mshirika wake kwenye bamba la chuma la kuchapia noti. Kitabu cha utafiti huo kilipotoka, kilikuwa na jina la Dale peke yake, mwenzake wa kazi.

"Usinune bwana, Wini," Dale alimwambia kwenye simu. "Si nimekushukuru ukurasa wa mwisho?"

Adhuhuri hiyo Winifred alishuka kwenye ghala la makumbusho kulirudisha bamba la Kettle, alilokuwa ameliazima. Taa zikazimika. Gizani akasikia chuma kikikwangua chuma, kwaru, kwaru, taratibu. Taa zilipowaka, sura ya mtu iliyochongwa kwenye bamba haikuwa tena na macho, na chembe za chuma zilikuwa bado za moto.

Simu ikalia. Alikuwa Dale.

"Wini," alinong'ona, "huko kwenu bado ni mchana? Mimi naona giza tupu."